Emil Mkono na Kocha wa Kusini

Benchi la Ushirika wa Nafaka wa Veselka ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya ndoo mbili za grisi zilizojazwa saruji, nalo limeelekezwa kwenye mizani ya malori, ili asipite mtu na mahindi yake bila kujadiliwa. Wazee hufika saa tatu asubuhi, wakishawalisha ng'ombe na kusikiliza bei redioni. Hutikisa dadu kwenye kikombe cha ngozi kuamua nani alipie kahawa, kisha humaliza matatizo ya Nebraska nzima kabla ya chakula cha mchana. Jumamosi ile ya Novemba, mahindi ya mwisho yakiwa yanaingia, tatizo lilikuwa moja tu. Mjukuu wa Emil Vavra alitakiwa ampe kocha jibu ifikapo saa sita kamili, na saa ya ukutani ofisini kwa Verna ilikuwa imeshagonga nne.

Emil alikuwa amekaa pembeni mwa benchi, kikombe mkono wa kushoto. Wa kulia aliuchimbia mfukoni.

— Mkono, leo umemeza kufuli? Dizeli alimuuliza. Mjukuu wako anagombewa na vyuo viwili, wewe umenuna kama umefiwa na fahali!

— Nasikiliza, alisema Emil.

— Msikilize nani? Profesa?

Dizeli ni fundi wa matrekta aliyestaafu, mtu ambaye hata supu huinusa kabla ya kuionja. Profesa alisoma chuo mihula miwili mwaka wa sabini na moja, akarudi kulima, na tangu hapo hajawahi kunyamaza kuhusu hiyo mihula miwili. Na Emil wanamwita Mkono kwa sababu ya mwaka wa mvua ya mawe. Mwaka huo alikuwa ameshampa mnunuzi mkono kwamba atamletea mahindi, mawe yakalaza shamba lote, naye akaenda kununua mahindi ya majirani kwa bei ya kuumiza, akayapeleka. Karatasi hakuwa na hata moja. Kule Veselka mtu akishakupa mkono, basi, biashara imekwisha.

Hapo ndipo palipokuwa na msiba wake. Alhamisi alasiri kocha wa Chuo cha Kusini alifika nyumbani. Rudy, mtoto wa Emil na baba wa msichana, alikuwa shambani kwenye mashine ya kuvuna. Adela, msichana mwenyewe, alikuwa shuleni. Kocha akazunguka uwanja na mzee, akasifia ng'ombe, akauliza habari za mvua, kisha akaegemea uzio na kusema, "Basi mzee, tumeelewana?" Na akanyoosha mkono. Mkono wa Emil ukatoka wenyewe. Miaka hamsini mtu akisema maneno hayo huku amenyoosha mkono, Emil huupokea. Gari la kocha lilikuwa limeshafika barabarani alipotambua kwamba safari hii hakuwa ameuza mahindi.

Adela hakujua. Rudy hakujua. Kijiwe ndiyo kabisa. Emil alikuwa akiomba jambo moja tu, kwamba mtoto achague Kusini kwa hiari yake, ili ule mkono uzikwe kimyakimya.

— Mimi nasema Kusini, alianza Dizeli. Msichana anarusha kisahani. Bingwa wa jimbo mara mbili! Kile kisahani kinataka nyama. Nimesikia kule asubuhi wanawapa nyama ya kuchoma na mayai sita. Hicho chuo kingine cha Ziwani watampa nini? Uji?

Emil akapumua.

— Na wanalipa kila kitu, aliongeza kwa sauti ndogo. Ada, chumba, chakula.

— Umeona! Hata Mkono anasema!

— Hamjui mnachosema, alidakia Profesa. Kisahani hakipai kwa mayai, kinapaa kwa upepo. Mrushaji wa mkono wa kulia anautaka upepo wa mbele unaotokea kuliani kwake. Sasa, Ziwani uwanja uko kando ya maji. Upepo wa ziwa unatoka wapi?

— Ziwani, alisema Dizeli.

— Kuliani! Nilisoma jiografia, bwana.

— Mihula miwili.

— Mihula miwili ni mingi kuliko sufuri, ndugu yangu.

Verna alitoka ofisini na birika kubwa la kahawa, akawajazia. Yeye ndiye mpimaji wa malori pale, na hakuna lori wala mtu anayepita asimjue uzito wake.

— Yaani mtoto wa watu anataka kusoma uhandisi, nyinyi mnahesabu mayai, alisema.

Ni kweli, Adela alitaka uhandisi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Miaka mitatu iliyopita Rudy aliingia kwenye kihenge cha nafaka kuvunja mahindi yaliyogandamana, yakafunguka chini ya miguu yake, yakamvuta mpaka shingoni. Waliokuwa kwenye benchi hilihili ndio waliokimbia na misumeno kukata bati la kihenge. Dizeli bado ana kovu kwenye kidole gumba. Rudy alitoka mzima, ila kifua chake hakijarudi sawa. Tangu siku hiyo Adela amekuwa akichora mashine ya kuvunja mahindi kutoka nje, mtu asiingie ndani. Ya kwanza aliijenga kwa mota ya feni. Ilikataa. Ya pili ilifanya kazi dakika kumi na moja.

— Nami nimebadili mawazo, alitangaza Dizeli ghafla. Kusini siwataki.

Emil aligeuka.

— Umebadili? Kwa nini?

— Tairi! Basi la timu yao lilisimama pale kituo cha mafuta mwezi wa tisa. Nikainama nikaangalia. Tairi ya mbele kushoto imelika upande wa ndani, imebaki upara. Chuo kina wahandisi mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia tairi ya basi lao! Huo ni uhandisi au ni utani?

— Hiyo sasa ni hoja, alikubali Profesa. Lakini iko njia ya uhakika zaidi. Unahesabu madirisha ya jengo la uhandisi, unagawa kwa madirisha ya uwanja wa michezo. Ikija chini ya moja, kimbia.

— Na uwanja usipokuwa na madirisha?

— Basi unakimbia mara mbili.

— Nyie endeleeni, alisema Verna. Mimi nilimwangalia mtu. Kocha mwenyewe alisimama hapa Alhamisi kuniuliza njia ya kwa Mkono. Viatu vinang'aa. Saa moja baadaye akapita kurudi, nikamwona pale anakunywa soda, viatu bado vinang'aa. Mtu aliyezunguka uwanja wa ng'ombe saa nzima, viatu havina hata tope? Huyo anajua pa kukanyaga.

Kijiwe kizima kikamgeukia Emil.

— Kocha alikuja kwako? Dizeli aliuliza. Alhamisi? Leo Jumamosi, Mkono! Siku mbili hujatuambia?

— Alipita kusalimia tu.

— Akasemaje?

— Habari za mvua.

Emil aliunywa uongo wake pamoja na kahawa, vyote vikamchoma. Saa ilikuwa tano kasoro robo.

Lori jekundu la akina Vavra likapanda mizani. Verna akasoma uzito, akapunga mkono, na Adela akateremka. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kuliko wazee wote pale, mabega mapana, vidole viwili vimefungwa plasta kwa ajili ya kisahani. Macho yalikuwa mekundu.

— Habari za asubuhi, wazee.

— Njema, bingwa! Umeamua?

— Bado.

— Bado? Saa tano hii!

— Najua ni saa ngapi, babu Dizeli. Tangu alfajiri kazi yangu ni kuangalia saa.

Alitoa karatasi mbili zilizokunjwakunjwa mfukoni.

— Nimeandika mazuri na mabaya ya kila chuo. Kusini kuna uwanja mkubwa, makocha wanne, wanalipa kila kitu. Ziwani kocha ni mmoja, kwa michezo hawatoi hata senti, wananipunguzia nusu ya ada kwa sababu ya alama zangu. Lakini mashine zao nimezigusa mwenyewe. Walinipa nikaunga chuma siku ileile ya kutembelea. Nikijumlisha, zinalingana. Nimejumlisha mara tano.

— Kusini hukugusa mashine?

— Walinionyesha chumba cha kubadilishia nguo. Kina skrini juu ya kila kabati.

— Skrini! Dizeli alishangaa. Ya nini?

— Sijui. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa.

Akakaa kando ya Emil. Benchi likalalamika.

— Babu, wewe unasemaje?

Emil aliuchimbia mkono wa kulia ndani zaidi mfukoni.

— Uamuzi ni wako, mjukuu wangu.

— Hilo umeniambia tangu Alhamisi. Mimi sitaki uamuzi uwe wangu. Nataka mtu aniambie. Nikikosea, nitakuwa nimekosea miaka minne, na baba kifua hakimruhusu, na wewe...

Emil alitaka kumwambia habari za ule mkono. Lakini aliogopa, na aliona aibu kwamba mzee wa miaka sabini na mbili anamwogopa msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuendesha trekta.

— Basi rahisi, alisema Dizeli, akachukua kikombe cha ngozi. Dadu limetuamulia kahawa miaka thelathini na halijawahi kumwonea mtu. Ikija shufwa, Kusini. Witiri, Ziwani.

— Acha upuuzi, Verna alisema.

Lakini Adela alikuwa ameshakipokea kikombe. Alikuwa amechoka kiasi hicho. Akaziba mdomo wa kikombe kwa kiganja, akatikisa. Emil aliusikia mlio wa dadu ndani ya ngozi, na jambo baya likampita moyoni: alikuwa anaomba shufwa.

— Samahani, ilisikika sauti kutoka kando ya ukuta.

Ni dereva wa lori la soya, mama mmoja wa makamo mwenye kofia ya sufu, mgeni kabisa, aliyekuwa akisubiri kupakiwa tangu asubuhi. Kahawa yao alikuwa amekunywa vikombe viwili na hakuwa amesema neno.

— Si kazi yangu, lakini nimewasikiliza saa nzima. Mimi naishi kwa saa. Sheria inanihesabia nimeendesha ngapi, nimelala ngapi. Kwa hiyo nauliza tu. Huko Kusini mazoezi ni saa ngapi?

— Saa saba mchana mpaka saa kumi na moja, alijibu Adela. Siku tano.

— Na hicho kingine?

— Saa kumi na mbili jioni. Wanafanyia ukumbini. Nilidhani ni kwa sababu hawana uwanja wa kutosha.

— Sawa. Na wanaosoma uhandisi wanaingia maabara saa ngapi?

Dizeli alimtazama Profesa. Profesa aliitazama kahawa yake. Verna alimtazama Emil. Mayai walikuwa wameyahesabu, upepo wameupima, tairi wameikagua. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Adela alikiweka kikombe chini bila kukifunua. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka kwenye goti sauti ikiwa wazi.

— Adela! Kocha wa Kusini alipokea mlio wa kwanza haujaisha. Nilijua utapiga kabla ya saa sita. Karibu nyumbani!

— Kocha, bado. Nina swali. Maabara za uhandisi za mwaka wa kwanza ni saa ngapi?

— Maabara? Kicheko kikatoka kwenye simu. Binti yangu, hayo watakupangia washauri wa masomo. Usijitie presha.

— Ni mchana?

— Nyingi ni mchana, ndiyo.

— Saa za mazoezi?

— Sikiliza. Uhandisi ni mzuri. Lakini wasichana wangu wengi huchukua sayansi ya michezo, inawafaa. Ukitaka sana, uhandisi unaweza kusogezwa mbele.

— Mpaka lini?

— Tutaona ukishafika.

— Kwenye timu yako sasa hivi, wanaosoma uhandisi ni wangapi?

Lori la soya lilikuwa likinguruma mbali.

— Adela, kocha alisema, sauti imeshuka, imekuwa ya kiutu uzima. Tusirudi nyuma. Hili jambo nyumbani kwenu limeshakwisha. Babu yako alinipa mkono Alhamisi.

Adela aliinua uso polepole. Emil aliyaona macho yale mekundu yakimtafuta, na hakuwa na mahali pa kuyapeleka yake. Kwenye benchi lile hakuna asiyejua maana ya Emil Vavra kutoa mkono.

— Babu?

— Nipe simu, alisema Emil.

Aliipokea kwa mkono wa kulia.

— Kocha, ni mimi Emil Vavra. Ni kweli nilikupa mkono.

— Ahsante, mzee. Nilijua wewe ni mtu wa...

— Subiri nimalize. Ungekuwa umenunua mahindi, ungeyapata. Hata yangeoza, ningekwenda kununua ya mtu mwingine nikuletee. Waulize hapa. Lakini nilikupa kitu kisicho changu. Huyu siwezi kukuletea.

— Mzee, watu wa huko mnasema mkono ni mkono.

— Mimi ndiye ninayesema hivyo kuliko wote. Miaka hamsini. Leo naurudisha. Nisamehe.

Akabonyeza simu, akakosea, akabonyeza tena mpaka ikazimika. Profesa alikuwa amevua kofia. Hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililomuumiza Emil kuliko yote, kwamba kijiwe kile, ambacho hakijawahi kumwacha mtu aanguke bila kumzomea, kilikuwa kimya.

— Alhamisi, alisema Adela. Siku mbili unaniona natafuna kucha. Jana usiku nilikuuliza ukaniambia nile kwanza.

— Niliogopa.

— Uliniuza kama gunia, babu.

— Ndiyo.

— Na ungenyamaza? Kama huyu mama asingeuliza?

Emil alitamani kumwambia hapana.

— Sijui, mjukuu wangu. Nadhani ningenyamaza.

Adela alisimama. Akatembea mpaka kwenye lori, akalipiga gurudumu teke moja, akasimama amewapa mgongo. Dizeli alinong'ona kwamba gurudumu lile limepungua upepo, Verna akamkanyaga mguu. Wakangoja. Saa sita kasoro dakika ishirini, msichana akarudi, uso umelowa, akatafuta namba nyingine.

— Halo, Ziwani? Ni Adela Vavra. Ndiyo. Nakuja. Na naomba kuuliza, maabara za mwaka wa kwanza ni... saa saba mpaka saa kumi? Kwa hiyo ndiyo maana mazoezi ni jioni. Ahsante. Hapana, sina swali lingine.

Akaishusha simu. Verna akavuta kamasi.

— Hiyo nusu ya ada iliyobaki, alisema, kiangazi mizani yangu inataka mtu. Msimu wote wa ngano. Usiseme nimekuhurumia, nakutafutia kazi ngumu.

— Nashukuru, mama Verna.

Kisha Adela akaja kusimama mbele ya Emil, karibu kabisa.

— Babu, Jumanne uliingia kihenge namba tatu.

— Nani kasema?

— Usinidanganye tena leo. Kamba ya usalama ilikuwa imening'inia nje, kavu, na kofia yako ilikuwa imejaa vumbi la mahindi. Uliingia na mti wa kuchokolea mahindi, peke yako, bila kamba.

Dizeli alikitazama kidole chake gumba. Mahindi yalikuwa yamegandamana, na Rudy hawezi, na mtu mwingine hakuwepo. Yote hayo yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

— Kama mikono yako bado ina kazi, alisema Adela, nipe mimi mmoja. Miaka minne. Usiingie kihenge chochote, hata kiwe kimegandamana namna gani. Yakiganda yaache yaoze. Nikirudi nitakuwa na kitu cha kuyavunja kutoka nje.

Akanyoosha mkono wenye plasta.

Emil aliutazama. Alifikiria Januari, na bei ya Machi, na mahindi yanavyogeuka jiwe ndani ya bati, na namna mtu anavyosimama chini akijua kwamba dakika tano na mti mrefu zingemaliza kazi. Ilikuwa ahadi kubwa kuliko zote alizowahi kuombwa, na mwombaji alikuwa mtoto aliyekuwa bado ana machozi kidevuni. Dereva wa soya akaitwa kwenye kupakia, asiende. Verna akainamisha birika juu ya kikombe cha Profesa, likatoa matone mawili na mashapo.

— Kahawa imekwisha, alisema, na hakuna aliyemsikia.

— Mkono, alisema Dizeli taratibu. Mtoto anasubiri.

— Najua, alisema Emil. Nafikiria.

Akafikiria mpaka akamaliza. Alipoutoa mkono kuupokea wa Adela, safari hii haukutoka wenyewe.